Vifaranga tisa kati ya kumi na mmoja: jibu kwa mfugaji wa bata mzinga Igombe

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Igombe, Ilemela, mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka jana nilinunua bata mzinga wa kienyeji wanne, majike watatu na dume mmoja, nikawaweka banda moja na kuku wangu ishirini. Jike mmoja akataga, mayai nikampa kuku aatamie. Walitoka vifaranga kumi na mmoja, ndani ya wiki tatu wakabaki wawili. Nawalisha chakula cha vifaranga wa kuku cha dukani. Juzi jike mkubwa alizubaa, akaharisha njano, jana kafa. Jirani ananiambia bata mzinga hawakubali huku ziwani, au nitafute wa kisasa. Mimi nataka nyama ya Krismasi na mayai ya nyumbani. Nifanyeje? Halafu mume wangu anataka tumchinje dume, anawakimbiza watoto.

JIBU: Marahaba, mama. Pole sana kwa hasara.

Jirani yako kakosea kuhusu ziwa. Bata mzinga nimewakuta Nansio, Sengerema na Magu, tena mahali pengine wamelala juu ya mawe makubwa kama wenye mji. Udongo wenu wa kichanga Igombe unawafaa kuliko mfinyanzi unaotuamisha maji. Tatizo lako ni kwamba umewalea kama kuku. Hilo kosa tumelifanya wengi, na mimi nimo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimshauri mzee mmoja kule Ukerewe atumie banda lake la kuku lililokuwa wazi, zuri, limefagiliwa. Alianza na bata mzinga kumi na wanne, wakabaki watatu. Banda lilikuwa safi kwa macho tu.

Una misiba miwili tofauti, kwa hiyo nitaitenganisha. Nianze na jike, kwa sababu kilichomuua bado kipo uani kwako.

Kuzubaa, mabawa kulegea na kuharisha kinyesi cha njano kama unga wa salfa ni dalili zinazonipeleka moja kwa moja kwenye ugonjwa unaoitwa kichwa cheusi. Jina hilo linapotosha, maana wengi wanaokufa nao vichwa vyao havina weusi wowote. Unaletwa na kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, ambacho hushambulia ini na vile vifuko viwili vilivyo mwishoni mwa utumbo. Kuku anaweza kuwa nacho akaendelea kutaga na kupiga kelele kama kawaida. Bata mzinga akikipata, mara nyingi ndiyo safari.

Kinamfikiaje? Kuku ana minyoo midogo myeupe inayokaa kwenye vifuko hivyohivyo. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi yakiwa yamekibeba kimelea ndani, na yanaweza kukaa ardhini miaka kadhaa yakingoja. Nyungunyungu huyameza, bata mzinga humdonoa nyungunyungu, kazi imekwisha. Ndiyo maana kufagia hakukumsaidia mzee wangu wa Ukerewe, na ndiyo maana dawa ya kunyunyiza bandani haitakusaidia wewe.

Hata hivyo mimi nasoma barua tu, na mzoga sijauona. Siku nyingine akifa bata, usimtupe wala usimle. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki, muweke penye ubaridi, na siku hiyohiyo mpigie afisa mifugo wa kata au mpeleke kwenye kituo cha Maabara ya Veterinari, TVLA, hapo Mwanza mjini. Wakimpasua wakakuta ini lina madoa ya duara yaliyobonyea katikati, na vifuko vya utumbo vimejaa kitu kigumu kama jibini, jibu limepatikana. Uharo wa njano au kijani unaweza pia kuwa wa mdondo au kipindupindu cha kuku, na tiba za hayo hazifanani.

Utaambiwa mtaani uwape metronidazole, vidonge vya binadamu. Nchi nyingi zimekataza dawa hiyo kwa mifugo inayoliwa, na kwa nyama unayotaka kuwapa wanao Krismasi mimi siiandiki. Kinachofanya kazi ni kutenganisha. Watoe bata mzinga waliobaki kwenye banda la kuku leo, usingoje wikiendi. Wapeleke upande wa kiwanja ambao kuku hawajawahi kufika, kama upo palipoinuka na pakavu. Weka wavu katikati. Ukitoka kwa kuku kwenda kwa bata mzinga badili viatu. Ndala za pale zibaki palepale. Kuku wape dawa ya minyoo, levamisole au fenbendazole, kwa kipimo cha afisa mifugo, urudie kila miezi mitatu, nao bata mzinga vilevile. Kama kiwanja chako ni kidogo kiasi kwamba hakuna pa kuwatenga, nitasema bila kuficha: chagua ndege mmoja.

Sasa vifaranga. Hukuniambia walikufa siku ya ngapi, na siku hiyo ndiyo ingeniambia sababu. Wakifa kwa wingi kati ya siku ya nne na ya saba, karibu kila mara ni njaa. Kifaranga akitotolewa huwa na kiini cha yai tumboni kinachomtosha siku mbili tatu. Kifaranga wa kuku ndani ya siku hizo ameshajua kudonoa. Wa bata mzinga anaweza kusimama juu ya sahani ya chakula akafa njaa, kwa sababu hajatambua kwamba kile ni chakula. Si ujinga kama watu wanavyosema. Ndege hawa hujifunza kwa kumwangalia mama na kwa kufuata kinachong'aa au kinachotikisika.

Kwa hiyo siku ya kwanza mkamate mmoja mmoja, mchovye ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu, kisha kwenye chakula. Urudie mara kadhaa mpaka uone wote wanameza. Weka gololi za watoto kwenye chombo cha maji: zinang'aa, wanazidonoa, mdomo unakutana na maji. Gololi hizohizo hupunguza nafasi ya kifaranga kuzama, maana huzama hata kwenye sahani. Juu ya chakula nyunyiza yai la kuchemsha lililosagwa na majani ya kitunguu au mchicha yaliyokatwa katwa. Kijani kinawavuta. Ukiwa na vifaranga wawili watatu wa kuku wa umri uleule wangekuwa walimu wazuri, na vitabu vya zamani vinashauri hivyo, ila kwa uwanja wako ulivyo sasa usithubutu.

Waliokufa wiki ya pili na ya tatu nahisi waliuawa na chakula, baridi, au vyote viwili. Chakula cha vifaranga wa kuku kina protini asilimia 20 hivi. Bata mzinga mchanga anahitaji 26 mpaka 28 katika wiki sita hadi nane za mwanzo. Ukimpa cha kuku anakula, anashiba, halafu miguu inalegea, manyoya yanachelewa, na upepo wa usiku kutoka ziwani unammaliza.

Hapa Igombe una bahati ambayo mfugaji wa Dodoma hana: dagaa. Dagaa mkavu karibu nusu ya uzito wake ni protini, mara nyingi na zaidi kidogo. Chukua kilo 8 za chakula cha vifaranga na kilo 2 za dagaa waliosagwa. Piga hesabu mwenyewe: kilo 8 zinakupa protini kilo 1.6, dagaa wanakupa kilo 1, jumla 2.6 katika kilo 10, yaani asilimia 26. Lakini nunua dagaa waliokaushwa kwenye vichanja au nyavu. Wale wa bei rahisi waliokaushwa chini wanakuja na mchanga, na wewe unaulipia mchanga kwa bei ya samaki. Sugua kiganjani, puliza, uone kinachobaki. Mapanki ya sangara, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikitolewa, nayo watu wanasaga, ila yana mafuta mengi, yanachacha upesi, na mafuta yaliyochacha huharibu vitamini mwilini mwa ndege. Kwa wakubwa kidogo, tena yakiwa mapya, sawa. Kwa vifaranga hapana.

Kabla hujamwaga mfuko wa dukani, soma lebo. Vyakula vingine vya kuku huchanganywa dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo vinavyoharisha ndege. Ikiwa imeandikwa salinomycin, usimpe bata mzinga hata kidogo. Kuku anaivumilia, bata mzinga inampooza miguu na kumuua. Kama mfuko hauna maelezo, muulize muuzaji; akikujibu "hiki kinafaa ndege wote", badili duka. Dawa ya koksidia iitwayo amprolium haina shida hiyo.

Jambo jingine la chakula ambalo sitalipita haraka ni ukungu. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache na hakuna aliyejua kwa nini. Ugonjwa wakauita X. Baada ya kuchunguza wakakuta chanzo ni mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoota ukungu, na ndani ya ukungu huo ndipo sumu mpya ilipogunduliwa. Sumu hiyo ndiyo leo sisi tunaiita sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa maneno mengine, dunia ilijulishwa sumukuvu na vifo vya bata mzinga, kwa kuwa ini lake haliivumilii kama la kuku. Ile tabia yetu ya kusema "mahindi haya yameoza kidogo, wape ndege" kwa huyu ndege ni kumuua. Mahindi, pumba au karanga zenye harufu ya uvundo au rangi ya kijani kijivu zisifike bandani. Msimu wa masika usinunue pumba za mwezi mzima. Nunua za wiki mbili, uziweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mashudu ya pamba nayo yamejaa kanda yetu na ni rahisi. Yana sumu ya asili iitwayo gosipoli, inayodhoofisha ndege na kubadili rangi ya kiini cha yai. Chukua ya alizeti.

Joto: kinengunengu, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, kianze na nyuzi 35 hadi 37 wiki ya kwanza, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yatoke vizuri, wiki ya sita hivi. Usipokuwa na kipimajoto waangalie wenyewe. Wakirundikana katikati wakilia, wanasikia baridi. Wakijibandika ukutani wakihema midomo wazi, umewachoma. Chungu cha mkaa kinafaa mradi hewa inapita juu. Kufunga chumba kizima na jiko la mkaa kumeua vifaranga na watu pia. Sakafu isiteleze. Gazeti au nailoni hupanua miguu ya kifaranga na hairudi tena. Tandika maranda, na siku tatu za mwanzo yafunike kwa gunia safi, vinginevyo watayala.

Nani aatamie? Wewe ulimpa kuku. Kuku ni mama hodari, ila anafunika mayai machache ya bata mzinga, na akishatotoa anawapeleka vifaranga kuparua palepale penye minyoo yake. Jike wa bata mzinga mwenyewe hufunika 12 mpaka 15 bila taabu. Mayai huchukua siku 28, si 21 kama ya kuku. Nimewahi kuitwa kwa mtu aliyetupa mayai siku ya 24 akidhani viza, akayapasua akakuta vifaranga. Kasoro ya mama huyu ni uzito: anaweza kumkanyaga mwanawe. Mimi humwacha aatamie, kisha siku ya kwanza nawatoa vifaranga kwenda kinengunenguni. Wanaoanza hulalamika kuwa ni ukatili. Basi mwache na vifaranga, ila kwenye kizimba kikavu cha peke yao, umande ukauke kabla hawajatoka asubuhi.

Chanjo nitapita haraka kwa kuwa afisa mifugo wako anazijua. Mdondo: ile ya I-2 inayostahimili joto, tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kuku na bata mzinga siku moja. Ndui ndiyo yenye siri. Mbu wa ziwani wanaieneza, hivyo msiikose. Kuku huchomwa kwenye ngozi ya bawa, lakini bata mzinga achomwe pajani, kwa sababu analala kichwa kikiwa chini ya bawa na kidonda cha chanjo kinaweza kumhamia usoni na machoni. Mkumbushe anayechanja, kwa upole.

Kuhusu bata mzinga wa kisasa. Wale weupe wenye kifua kipana wanaofugwa viwandani Ulaya na Marekani wamechaguliwa kwa nyama mpaka dume hawezi tena kumpanda jike. Hupandishwa kwa mkono na wataalamu. Utawalisha, utachinja, na kizazi kimeishia hapo. Bata wa asili, iwe wa rangi ya shaba, weusi au wenye madoa, wanapandana wenyewe, jike anaweza kuzalisha miaka mitano na zaidi, anaatamia, anajitafutia majani na panzi. Anachokudai ni muda: kufikia uzito wa kuchinjwa anahitaji wiki 28 hivi, wakati wa kifua kipana humaliza mapema zaidi. Kwa uwanja wa nyumbani Igombe, baki na wa kienyeji. Ila baada ya mwaka badilishana dume na mfugaji wa mbali, wa Sengerema au Ukerewe, asije akawapanda binti zake.

Wakitimiza wiki nane shusha protini hadi asilimia 20 au 22, na kuanzia mwezi wa nne 16 hadi 18 inatosha, kukiwa na majani mengi: matembele, mchicha, mlonge. Majani mabichi ya muhogo yaache. Magugu maji ya ziwani watu wananiuliza kila mwaka: ni maji zaidi ya asilimia 90, unamjaza ndege tumbo tu. Wanaotaga wawekee makome ya ziwani yaliyosagwa.

Usiku wanataka kulala juu. Wape vichanja vya mti mnene, unene wa mkono wa mtu mzima, kimo cha nusu mita hadi mita moja, ndani ya banda lenye wavu. Ukiwaachia watapanda paa la jirani, na hapo ugomvi si wa bata tena. Kenge ndiye mwizi wenu mkuu wa mayai huko ufukweni. Kiota kiwe ndani, mayai yaokotwe kila jioni. Mwewe huchukua vifaranga mchana. Siafu nimewaona wakimaliza kizimba kizima usiku mmoja: mwaga majivu pembeni na ukague kabla ya kulala.

Sasa mayai ya nyumbani. Mama, hapa nitakuvunja moyo kidogo. Yai la bata mzinga ni tamu, kubwa, lina ganda gumu lenye madoa ya kahawia, na linaliwa kama la kuku. Lakini jike wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi saba au minane, anataga 10 hadi 15, anataka kuatamia, anasimama. Ukimwokotea kila siku ukamwachia moja kiotani ataongeza, ila hatakuwa kuku wa mayai. Kila yai unalokaanga ni kifaranga ambacho kingekuja kuwa ndege wa kilo nyingi. Kula yale ya mwanzo madogo na yale yaliyokaa zaidi ya siku kumi, mengine yatotoe. Mayai ya chai yaachie wale kuku ishirini, upande wao wa wavu.

Krismasi je? Hesabu kurudi nyuma: wiki 28 za kukua na siku 28 za kuatamia, jumla wiki 32. Kutoka 25 Desemba unafika 15 Mei. Mayai yawe chini ya mama kabla ya tarehe hiyo. Vifaranga watatoka katikati ya Juni, masika yamepita na ardhi imekauka, wakati mzuri kwao, ila usiku wa Juni na Julai una upepo, kwa hiyo mkaa uwepo. Wiki tatu za mwisho kabla ya kuchinja ondoa dagaa kabisa, weka soya iliyokaangwa au mashudu ya alizeti, usije ukala bata mwenye harufu ya mwalo wa samaki. Usiku wa kuamkia kuchinja asile, maji apewe. Maji ya kunyonyolea yasichemke. Nyuzi 60 hadi 65 zinatosha, yakizidi ngozi inachunika. Nyama ipumzike kwenye ubaridi siku nzima kabla ya kupikwa, na moto uwe wa pole. Huyu amekimbia miezi saba, hataiva kwa dakika za kuku wa kisasa.

Wale vifaranga wawili waliobaki wahamishe pamoja na wakubwa lakini kizimba chao, na chakula cha dagaa waanze leo.

Na baba watoto mwambie asubiri. Dume anakimbiza watoto kwa sababu wanamkimbia, naye anahesabu ameshinda. Mtu mzima amsogelee bila kurudi nyuma, amzuie kwa fagio bila kumpiga, siku kadhaa mfululizo, na watoto wadogo wasiingie uani peke yao. Akiendelea, achinjwe, ila kwanza mpate dume mwingine. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini wiki kadhaa, hivyo mkimchinja leo mayai ya wiki tatu nne zijazo bado yatatotoa. Baada ya hapo utapata yale mayai ya nyumbani uliyoyataka, ya kukaanga tu.